Rinda Hapa

Jumapili, 27 Aprili

Bobini ya cherehani imekwama mara ya tatu. Uzi wa chini unajikusanya kama tambi. Nimefumua kiuno chote cha sketi na kuanza upya. Lastiki imeingia, imetoka, imeingia tena imejipinda. Saa nane mchana Claudine anataka picha, na sheria ni sheria: nguo moja kila mwezi, kitambaa kiwe kile kilichokuwa tayari nyumbani, picha upigwe umeivaa. Anayeshindwa anawashonea wenzake mikoba ya sokoni. Tuko tisa. Sitaki kushona mikoba minane.

Kundi letu la simu linaitwa Kabati la Kiangazi. Claudine ana duka la nyuzi na vifungo kule Kabeza. Ndiye aliyelianzisha, na ndiye anayetoa shindano la kila mwezi. Aprili sketi. Mei blauzi. Juni na Julai bado hajasema, anapenda kututesa. Kiangazi kikikolea kila mmoja awe anavaa alichoshona mwenyewe.

Nimetuma picha saa nane na dakika arobaini. Pindo limepanda upande wa kushoto. Claudine kaandika kwamba sketi yangu ina haraka kuliko mimi. Nimecheka peke yangu sebuleni.

Lakini inanikaa kiunoni. Kiuno changu, hiki nilicho nacho leo. Nimejigeuzageuza mbele ya kioo kupita kiasi kwa sketi ya lastiki.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu. Hakuna shule. Nimepanga kabati.

Magauni saba ya Mama Issa yananing'inia upande wa kulia. Mama Issa ni mama mkwe wangu. Ni fundi, ameshona barazani kwake Nyamirambo tangu kabla mume wangu hajazaliwa. Tangu niolewe sijavaa gauni la mtu mwingine. Ya mwanzo yalikuwa mazuri, yalinikaa. Haya saba ni ya miaka minne iliyopita, na yote ni mapana. Mbele imeachwa nafasi. Ningeweza kuficha mto mle ndani na mgeni asishangae.

Niandike waziwazi, hakuna anayesoma hapa. Nimepoteza mimba mbili. Ya kwanza ilikuwa changa, wiki tisa. Ya pili miezi mitano, miaka minne sasa. Mama Issa alikuja na unga wa uji, akafua nguo zangu, akapiga deki nyumba nzima, hakusema neno. Mwezi uliofuata akaleta gauni la kwanza pana. Kisha la pili. Hajanipima tena tangu siku zile. Anashona tu, anatuma, mimi nashukuru.

Mimi magauni yale nayasoma hivi: tunangoja. Basi. Kila nikivaa moja nahisi nimebeba tangazo kifuani.

Ndiyo maana nimeingia Kabati la Kiangazi. Claudine anadhani napenda mitindo. Nataka nguo ya mwili nilio nao, si ya mwili anaousubiri mtu mwingine.

Simchukii. Ningemchukia ningekuwa nimeshamwambia zamani.

Jumapili, 18 Mei

Mtu hawezi kujipima mgongo. Nimejaribu kwa kioo, kwa kamba, kwa kuegemea mlango. Nikamwita mume wangu, Issa. Yeye hutengeneza friji, ana mikono mitulivu, nikamwamini.

Mabega kaniambia kumi na tano. Mkono hamsini na nane. Nikakata. Ndipo nikagundua futi, hii kamba ya kupimia, ina inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili, na Issa alikuwa anageuza bila kutazama. Kwa vipimo vyake mimi ni sokwe.

Kitambaa cha blauzi ya kwanza kimekuwa foronya mbili. Issa kalalia moja mchana huu, bila aibu.

Jumapili, 25 Mei

Blauzi imekubali. Kitenge cha kijani, mikono mifupi, kifungo kimoja nyuma ya shingo. Nimeivaa hadi sokoni Gahanga kununua viazi, ili ionekane tu. Hakuna aliyesema kitu. Nimerudi nimefurahi hivyo hivyo.

Saa kumi na moja Claudine katangaza Juni. Gauni. Lakini patani, yale makaratasi ya kukatia, isitoke kwenye simu. Itoke kwa mtu wa nyumbani kwenu aliyeshona kabla yako. Wenzangu wamejaza mioyo na makofi. Kila mtu ana shangazi.

Mama yangu yuko Bukoba, tulikokulia sisi, na hajawahi kushona hata kifungo. Kwa hiyo ni Mama Issa au ni mikoba minane.

Bado sijamwambia kwamba nashona.

Jumatano, 28 Mei

Nimempigia Mama Issa wakati wa mapumziko, nimesimama nyuma ya maabara ili wanafunzi wasimsikie mwalimu wao akiomba.

Nikamwomba patani ya gauni, nikashone mwenyewe. Akauliza: "Unashona? Wewe?" Kisha: "Na zangu iko na shida gani?"

Nikasema hazina shida yoyote, Mama, ni mchezo tu na wenzangu. Nimedanganya na nimedanganya vibaya. Akasema sawa, atatuma. Sawa yake ilikuwa kavu. Kwa kawaida huniuliza kama nimekula.

Jumamosi, 31 Mei

Asubuhi umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, tumezibua mtaro wa barabara ya chini. Mchana pikipiki imeleta bomba la karatasi lililofungwa kwa kipande cha kanga. Hakukuwa na ujumbe.

Karatasi za mfuko wa saruji, zimelainika kama ngozi. Mbele, nyuma, mikono, kola. Kila kipande kimeandikwa kwa kalamu ya risasi, herufi kubwa. Nimekaa sakafuni nazisoma na kutabasamu. KORA, yaani kola. RASITIKI, yaani lastiki. MUKONO WA KURIA. Ndivyo anavyosema na ndivyo wasemavyo wengi hapa, L inaingia mlango wa R na R inatokea mlango wa L. Mimi mwalimu wa Kiswahili, kazi yangu ya mchana kutwa ni hiyo: si karamu, andika kalamu, si kurara, andika kulala. Za Mama Issa nazirekebisha kichwani hata bila kujua.

Kisha kipande cha mbele. Katikati, chini kidogo ya kiuno, pale pale tumboni, kaandika RINDA HAPA.

Linda hapa.

Nimesoma mara nne. Hata kwa Kinyarwanda ni vile vile, kurinda ni kulinda. Hakuna pa kukwepea.

Linda hapa. Kana kwamba sikulinda.

Jumapili, 1 Juni

Nimeamka na hasira iliyopoa ikawa ngumu.

Miaka minne hakusema neno. Nikadhani ni huruma. Kumbe neno lilikuwepo, lilikuwa linangoja karatasi. Nililala chali wiki sita kwa amri ya daktari. Sikubeba ndoo. Sikupanda pikipiki. Issa alinikatia hadi kucha za miguu. Nani alilinda kuliko mimi?

Sikumwonyesha Issa. Ni mama yake. Na angeweza kusema labda hakumaanisha, nami leo sitaki labda.

Nimekunjua pamba ya bluu yenye nukta nyeupe, ile aliyonipa mama yangu siku ya kuondoka Bukoba. Nimekata. Pale penye maandishi yake kuna mistari mitatu, nikaona ni uzio wa lile neno, nikaipita. Upana uliozidi hapo nimeukata, mbele ikawa bapa. Ubavuni nimepunguza vidole viwili kila upande. Mkasi ulikwenda vizuri, hasira inasaidia kukata.

Alhamisi, 5 Juni

Kazi zote za kusahihisha zimesimama. Madaftari ya wanafunzi yamelundikana kitandani. Nashona.

Gauni limekwisha. Ni jembamba, limenishika. Kola nimeiweka, ni nzuri, siwezi kusema uongo, Mama Issa anajua kukata kola. Nikisimama wima napendeza kama mtu wa kwenye kalenda. Nikipiga hatua linanikamata magotini.

Kesho Idi. Kila Idi navaa alichoshona yeye. Kesho navaa hili.

Ijumaa, 6 Juni

Niandike haraka kabla sijaanza kujitetea.

Pikipiki imenishinda, mguu haukupanda. Issa katafuta gari, hakuuliza. Nyamirambo nyumba imejaa, watu kama kumi na tano, shangazi za Issa, majirani. Mkeka umetandikwa, masinia ya pilau yameshatengwa. Wote wamekaa chini. Mimi nikasimama. Nilijaribu kukaa, mshono wa ubavu ukalia. Nikasimama tena nikasema nina mgongo.

Mama Issa akaja na birika la kunawia. Akanitazama gauni kutoka juu hadi chini, polepole, macho ya fundi. Akaweka birika chini. Akashika tumbo lake mwenyewe kuonyesha mahali, akasema, "Zaina, nirikuandikia rinda hapa."

Mbele ya watu wote.

Nikamjibu, na sauti yangu ilitoka kubwa: "Sina cha kulinda, Mama."

Mkeka mzima uligeuka kunitazama. Shangazi mmoja akaacha tonge njiani. Mama Issa uso wake ulibadilika, sijawahi kuuona hivyo. Hakukasirika. Alirudi nyuma hatua moja kama mtu aliyesukumwa. Kisha akaokota birika akaendelea kuwanawisha wengine, na maji yalimwagika kwenye mkeka.

Tuliondoka kabla ya chai. Ndani ya gari Issa alitazama dirishani njia nzima. Nilingoja nijisikie nimeshinda. Mpaka sasa nangoja.

Jumapili, 8 Juni

Hakuna simu kutoka Nyamirambo. Jumapili hupiga saa nne asubuhi, kila Jumapili, kwa miaka minane.

Issa kasema jambo moja tu, akiwa anafunga viatu. Kwamba mama yake hakula siku ile. Halafu akatoka.

Nimemkasirikia Issa. Kisha nikajikasirikia. Nikapika maharage yakaungua.

Jumatano, 11 Juni

Lazima niliandike hili.

Gauni halitembeleki. Leo mchana nimemwandikia Claudine, nikamwomba msaada wa kifundi tu: kwa nini nikipiga hatua linagoma? Akataka picha ya patani. Nikatandaza kipande cha mbele mezani katika ofisi ya walimu, nikapiga, nikatuma.

Jibu lilikuja kabla sijaketi. "Dada, rinda umelila?"

Nikauliza rinda gani.

"Hilo lililoandikwa! Rinda hapa. Mistari mitatu, unakunja ya kwanza juu ya ya tatu. Bila rinda utatembeaje?"

Rinda. Moja la marinda. Mkunjo wa nguo. Neno la Kiswahili safi, lina R yake halali, nimelivaa shuleni miaka yote ya sketi za sare, na liko katika kamusi iliyokuwa mezani sentimita ishirini kutoka kwenye kiwiko changu. Mara moja katika maisha yake Mama Issa kaandika R mahali pa R, na mimi mwalimu nikamsahihisha.

Mwalimu wa hesabu aliniuliza kama nimefiwa.

Alikuwa ananiambia nikunje kitambaa. Nami nikamjibu lile neno, mbele ya mawifi zake, siku ya Idi.

Alhamisi, 12 Juni

Nimefundisha vipindi vinne. Mwanafunzi mmoja kaandika "mararia". Nimeliacha hivyo hivyo.

Jumamosi, 14 Juni

Nilipanga kwenda leo. Nilivaa, nikavua. Nilivaa tena. Nikafagia uani, nikafua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Vumbi la Gahanga limeanza, jekundu, limeyarudia mapazia yakiwa bado kwenye kamba.

Ninaogopa. Kumwomba msamaha ni rahisi, nitasema nilisoma vibaya. Lakini atauliza nilisoma nini. Nikimwambia nilisoma nini, itabidi niseme kwa nini niliamini haraka vile. Na hapo tutakuwa tumefika kwenye jambo ambalo nyumba ile nzima inalizunguka kwa miaka minne kama shimo la barabarani.

Nimemweleza Issa lakini, usiku wa jana na leo asubuhi tena, mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakuamini. Alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akakaa kitandani, akajifuta macho, na sijui kufikia hapo kilikuwa bado kicheko. Kasema nenda peke yako.

Jumamosi, 21 Juni

Nimekwenda.

Nimevaa moja la yale mapana. Sikujua nivae nini kingine.

Mama Issa alikuwa barazani, anakanyaga cherehani, mteja mmoja anangoja kupunguziwa suruali. Akaniitikia salamu bila kusimama. Akanionyesha kiti. Nikakaa nusu saa namtazama akishona. Mteja akaondoka. Akachukua nguo nyingine. Nikaona asingenirahisishia, na haki ni yake.

Nikatoa ile karatasi mkobani nikaiweka juu ya meza ya cherehani. Nikamwonyesha kwa kidole. Nikasema, Mama, hapa nilisoma linda.

Hakuelewa. Nikarudia. Nikamweleza kwamba nimezoea kubadilisha R zake zote, kwamba kora niliisoma kola na rasitiki lastiki, na nilipofika hapa nikabadilisha na hili. Nikasema nilidhani unaniambia nilinde tumbo.

Aliigeuza karatasi imwelekee. Akapitisha kidole juu ya herufi zake.

"Mwarimu wa Kiswahiri," akasema. "Hajui rinda."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akaniuliza: "Siku ya Idi, ile neno yako. Uriniambia nini?"

Nikasema nilikuambia sina cha kulinda.

"Mimi nirisikia ingine. Nirisikia unasema mimi sikukurinda. Kwamba urikuwa mutoto yangu, na rire jambo ririkukuta, na mimi sikukurinda." Alisema akiwa anakunja karatasi, anaikunjua. "Nikasema ndani, ni kweri."

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nililia pale pale barazani, watu wanapita wanatoka kununua sambusa. Yeye hakunibembeleza. Alivuta tu kitambaa cha mtu alichokuwa anakishona, akanipa nijifutie, halafu akashtuka akaninyang'anya kwa sababu ni cha mteja, akanipa kanga yake. Hapo ndipo tulipocheka. Alipoanza hakuweza kuacha. Alikuwa anasema "rinda" peke yake na kuanza upya.

Nikamuuliza kuhusu magauni. Nilikuwa nimeshafika mbali mno kurudi nyuma. Nikasema, Mama, haya mapana, ni ya kungojea mimba?

Akanikazia macho kama nimesema Kichina.

"Kungojea nini? Nirikuwa sijakupima," akasema. "Tangu hosipitari sijakupima. Ningezungusha futi kwa tumbo yako, namna gani? Ungeria. Mimi ningeria. Basi nikakisia. Mutu usipomupima, unamushonea kubwa. Kubwa anaweza kuvaa."

Hivyo tu. Magauni saba. Nimeyachukia miaka minne, nayo yalikuwa ni fundi anayeogopa kunigusa tumbo.

Nimechoka na nimefurahi na nina hasira kidogo, kwamba tumepoteza muda wote huu kwa adabu.

Jumapili, 22 Juni

Simu saa nne kamili asubuhi. Kauliza kama nimekula.

Jumapili, 29 Juni

Picha ya gauni imekwenda Kabati la Kiangazi. Nimepasua mbele na kuingiza kipande cha kitambaa kilichobaki ili nipate rinda, na nukta hazikukutana, zinaonekana kama zimegombana. Claudine kauliza kama kwetu rinda limerudi. Nimemwambia ni habari ndefu.

Shindano la Julai: gauni la pili, lakini upimwe na mtu mwingine. Nikasoma nikacheka peke yangu. Claudine hajui chochote, huwa tu anabahatika.

Jumamosi, 12 Julai

Nyamirambo tangu asubuhi. Mama Issa kafunga mlango wa mbele, jambo ambalo hafanyi hata mvua ikinyesha, akaniambia nisimame katikati ya chumba.

Mabega, kifua, mgongo. Alikuwa ananitajia namba, mimi naandika kwenye daftari, sauti yake ya kazi, kavu. Alipofika kiunoni akasimama. Futi mkononi. Nilisikia pumzi yake. Nikainua mikono juu ili asipate sababu ya kuniruka.

Akaizungusha. Sabini na nane. Chini ya kitovu tisini na moja.

"Umepungua," akasema.

Nikasema hapana, Mama, niko hivi siku nyingi.

Akaandika mwenyewe hizo mbili. Mikono yake ilikuwa baridi na niliipenda juu ya tumbo langu. Sitaona haya kuliandika hilo.

Jumapili, 27 Julai

Kiangazi kimekaza. Asubuhi sweta, mchana jua linachoma kisogo. Majani ya uani yamekuwa rangi ya karatasi.

Nimeshinda barazani kwa Mama Issa tukimalizia gauni la Julai. Tulikubaliana: yeye anakanyaga mishono mirefu, mimi nashona pindo kwa mkono. Kitambaa ni kitani cha rangi ya asali, nilikuwa nacho tangu arusi na sikuwahi kuthubutu kukikata. Redio ya jirani ilikuwa inasoma matangazo ya vifo, kisha mpira.

Nilikuwa nimefika nusu ya pindo aliposema, bila kuinua kichwa, "Iriuma?"

Nikamuuliza nini.

"Ire siku."

Watu waliniuliza mengi siku zile. Kama nitajaribu tena. Kama daktari alisema sababu. Kama ninasali. Hili hakuna aliyeuliza, hata Issa, labda kwa sababu alikuwepo na aliona.

Nikasema iliuma, Mama. Iliuma sana.

Akaacha kukanyaga. Akataka kujua ilikuwa saa ngapi. Nikamwambia Jumatano, saa nne asubuhi na kidogo. Akatazama barabarani, akawa kama anahesabu. Akasema saa hiyo alikuwa hapa hapa kwenye kiti hiki, anashona sare za shule, anacheka na mteja. Anamkumbuka hata mteja. Hakuna aliyemwambia mpaka jioni. Siku nzima alikuwa anacheka, akasema, na mimi niko kule hospitali.

Niliona ameibeba hiyo peke yake, miaka minne, kicheko cha asubuhi moja.

Nikamwambia hata mimi nilikuwa nacheka asubuhi ile. Kabla. Issa alikuwa amevaa shati nje ndani, akatoka hivyo hadi kwa mwenye duka, nami nilimwona dirishani nikamwacha aende.

Akanigeukia. Akauliza shati gani. Nikasema la mistari, lile ulilomshonea wewe. Akatikisa kichwa, akalisema jina la mwanawe kwa sauti ya chini, na midomo yake ikacheza kidogo.

Tukakaa. Pikipiki zilipita. Kisha akaniambia nimpe kitambaa ageuze upande wa pili, nikampa, akarudi kukanyaga.